Nimemdanganya Muuguzi, na Zimebaki Wiki Tano

Mpendwa Bi. Ngendo,

Niwie radhi kwa kimya changu. Kwa miaka sita hukukosa barua yangu kila mwezi, nyingi zikiwa za kukukosoa, na kama uliona zimekoma tangu Pasaka ya mwaka jana ukadhani kwamba safu yako imeanza kuniridhisha, ulikosea; nilikuwa mgonjwa. Leo siandiki kukukosoa. Naomba msaada, na kwa kuwa neno hilo sijalizoea, usilitarajie mara ya pili katika barua hii.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka sitini na tisa, mzaliwa wa Ugunja, nami nilifundisha katika shule ya msingi mtaani Landless, Thika, kwa miaka thelathini na mmoja, kisha nikajenga hapa Mugutha, Ruiru, ninapoishi na mke wangu Wilkister. Moyo wangu ni dhaifu. Daktari alinieleza kwamba hausukumi damu inavyopaswa, kwa hiyo maji hujikusanya miguuni na mapafuni, na mtu huishiwa na pumzi kwa kufunga tu kamba za viatu. Mwanzoni mwa mwaka huu hospitali moja ya Thika, ambayo sitaitaja, ilitafuta wagonjwa wa namna yangu ili kujaribu kifaa kipya, kidogo kama kibiriti, kinachopachikwa chini ya ngozi ya kifua na kupeleka waya mwembamba kwenye mshipa wa shingo, ili kuutuliza moyo usijichoshe. Sote tuliojiandikisha tulipachikwa kifaa hicho, lakini kwa miezi sita ya kwanza nusu ya vifaa vimewashwa na nusu vimezimwa, na hakuna ajuaye chake kiko hali gani, si mgonjwa wala muuguzi anayempima, isipokuwa fundi mmoja anayekaa chumba cha mwisho na ambaye hata salamu zetu huziitikia akitazama dirishani. Miezi sita ikitimia, vyote vitawashwa.

Nilijiunga kwa hiari yangu na dhidi ya ushauri wa familia nzima. Mwanangu mkubwa, Oluoch, ambaye ni msimamizi katika kiwanda kimoja cha Thika na amezoea kusikilizwa, alikuja nyumbani Jumapili akaketi kabla ya kukaribishwa.

"Dadi, hiyo ni risachi. Umekuwa panya wao."

"Panya hasomi kurasa kumi na nne kabla ya kuweka sahihi," nilimjibu. "Mimi nimezisoma zote, na nimewasahihishia makosa mawili."

"Na ukizidiwa?"

"Nikizidiwa nitakwambia."

"Ukizidiwa hata kidogo, unatoka huko na tunakupeleka nyumbani Ugunja, ukapumzike. Mama ni shahidi."

Nilikubali, kwa sababu Wilkister alikuwa ananitazama, na kwa sababu sikuwa na nia ya kuzidiwa. Wiki hiyohiyo ndugu yangu Ouma alinipigia simu kutoka Ugunja akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyefanya jambo jema, kwamba amefyeka uwanja wote mpaka kwenye ua. Nilimwuliza kwa nini amefyeka uwanja wangu wakati wa kiangazi. Akasema, "Tuwe tayari tu, Mwalimu." Kwetu, Bi. Ngendo, uwanja hufyekwa hivyo kwa sababu mbili, arusi au hema la matanga, nami sina binti ambaye hajaolewa. Mtu akirudishwa nyumbani katika hali hiyo hapelekwi kupumzika. Anapelekwa kungojewa.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Kila wiki nne tunapimwa kliniki. Tunapimwa uzito, tunatazamwa miguu, tunaulizwa maswali ishirini na moja, vidonge vilivyobaki katika kopo vinahesabiwa, kisha tunatembea ukumbini kwa dakika sita, tukizunguka koni mbili za rangi ya machungwa, na muuguzi anaandika umbali. Muuguzi huyo ni Emmah, niliyemfundisha darasa la saba na la nane, ambaye mpaka leo husimama ninapoingia ingawa yeye ndiye mwenye kalamu. Mara ya kwanza nilitembea mita mia mbili sitini na mbili. Akaandika, akatabasamu, akasema, "Si mbaya, Mwalimu." Maneno hayo mawili, si mbaya, mimi ndiye niliyekuwa nikiyaandika katika daftari za watoto walioshindwa ambao sikutaka walie. Nilirudi Mugutha nikiwa nimejaa hasira kuliko siku niliyoambiwa moyo wangu umechakaa.

Tangu siku hiyo nilijitayarisha kama mtahiniwa. Nilifanya mazoezi kati ya nguzo mbili za umeme nje ya lango letu, jirani akinicheka na kuuliza kama nimeitwa kwenye timu ya taifa, na kwa kuwa mazoezi yalinichosha tu bila kuniongezea hata mita moja, nilitafuta njia nyingine, nikaipata. Siku mbili kabla ya kliniki humeza vidonge vya kupunguza maji mara mbili ya nilivyoagizwa. Maji hutoka, uzito hushuka, miguu hunywea ikaingia viatuni, na kifua hunipa ruhusa ya kutembea. Na kwa sababu kopo huhesabiwa, wiki zilizo kabla ya hapo hupunguza vidonge ili hesabu ilingane, na katika wiki hizo miguu huvimba kama magogo na ninalala nimeketi kitini. Mimi, niliyepekua soksi za watahiniwa kwa miaka ishirini ya kusimamia mitihani, ninavaa soksi za kubana ili Emmah asione alama za kuvimba. Akiniuliza, "Je, wiki mbili zilizopita ulilazimika kulala ukiwa umeketi?" najibu la. Akiniuliza kama nimekosa pumzi nikioga, najibu la. Maswali yote ishirini na moja najibu kwa usahihi wa mtu aliyeyaona majibu kabla. Mara ya tatu nilitembea mita mia tatu na kumi na nane, na mara ya nne mia tatu arobaini na moja, na Emmah akapiga makofi, akasema, "Mwalimu, umepita!" Sitakuficha: nilifurahi kama mtoto.

Asubuhi ya kliniki hiyo nilikuwa nimeanguka nikitoka kuoga. Nilimwambia Wilkister ni sabuni. Tuliporudi alileta kopo la vidonge, akavimwaga mezani, akavipanga kumi kumi.

"Baba Oluoch, juzi nilivihesabu, na tangu juzi vimepungua mara mbili. Hii ni sabuni gani inapunguza dawa?"

"Hesabu yako si sahihi," nikamwambia.

"Basi hesabu wewe. Wewe ndiye mwalimu."

Sikuhesabu.

Yuko mgonjwa mwenzangu, Muthoka, mkulima wa pojo kutoka Ngoliba, ambaye huja kliniki siku yangu. Huyu hana aibu hata kidogo. Muuguzi hajamaliza swali, yeye ameshajibu: "Sista, andika vibaya. Juzi nimelala nimeketi kama kuku anatamia." Kwa sababu ya kulalamika kwake walimbadilishia dawa katika mwezi wa pili, na sasa ananawiri, ingawa anaapa kwamba kifaa chake kimezimwa. Mimi, kwa sababu ya kusema niko salama, walinipunguzia kidonge kimoja. Muthoka hunitania. "Mwalimu, wewe unatembea kama mtu amefukuzwa na nyuki. Kwani huku tunashindana?" Nilipomwuliza kama haimwudhi kupachikwa kifaa kisha kikazimwa, alinishangaa. "Si lazima wengine wazimiwe, ndiyo ijulikane? Kama si mimi atakuwa nani?"

Swali lake halijaniondoka. Hata hivyo, nakuomba ulipime jambo hili kwa mizani yake kamili. Zimebaki wiki tano. Zimebaki kliniki mbili, moja Jumatano ijayo na nyingine ya mwisho, kisha kifaa changu kitawashwa, kama hakijawashwa, na hakuna atakayedhurika kwa kunyamaza kwangu isipokuwa mimi, ambaye nimejiruhusu. Nikisema ukweli leo, wataniondoa katika utafiti, Emmah ataaibika mbele ya madaktari kwa kudanganywa na mwalimu wake, na Oluoch atapata alichokuwa anakitafuta, kunipakia garini na kunipeleka kwenye uwanja uliofyekwa. Usiniambie nimwombe Mungu, namwomba. Usiniambie nimtii mwanangu, sitamtii. Niambie tu kama mtu aliyebakiwa na wiki tano analazimika kusema.

Majina yabadilishe upendavyo.

Wako,
Mwalimu Mstaafu, Mugutha

*

Mwalimu,

Pole kwa ugonjwa. Hiyo ndiyo pole yote utakayoipata kwangu leo, kwa hiyo itunze.

Unaniuliza kama unalazimika kusema, na umeliuliza swali hilo katika gazeti ambalo husomwa kwenye viti vya kliniki yako, watu wakingoja kuitwa. Nimeyabadilisha majina, nimeibadilisha na idadi ya miaka, lakini Emmah atakujua kufikia mstari wa tatu, maana hakuna binadamu mwingine Ruiru na Thika anayeomba msaada huku akigomba. Mtu anayetaka siri ifichike haiandiki kwa kalamu akaitia katika bahasha. Wewe umeshaamua kusema. Unachotafuta ni mtu wa kulaumu ukishasema. Haya, nilaumu mimi.

Unadai kwamba hakuna anayedhurika ila wewe. Wewe ulisoma kurasa kumi na nne ukaona makosa mawili, lakini hukuona zilikuwa zinasema nini. Huo si mtihani wako. Kinachopimwa ni kifaa. Kama chako kimezimwa, na wewe unatembea mita mia tatu arobaini na moja kwa nguvu ya vidonge ulivyovificha, basi wataalamu wataandika kwamba waliozimiwa wanaendelea vyema, na kifaa chenye faida kitaonekana hakina faida. Kama kimewashwa, kitasifiwa kwa kazi ambayo hakikuifanya, kisha kitapachikwa katika vifua vya watu ambao hawakuulizwa kama wanataka kudanganywa na Mwalimu wa Mugutha. Mkulima wa Ngoliba amekubali kupasuliwa kifua na kubeba kitu ambacho huenda kimelala, ili ukweli ujulikane. Wewe uko ubavuni mwake, unauharibu. Yeye hajasoma kama wewe, na ameuelewa utafiti huo kuliko wewe.

Sasa tuje kwenye vidonge, kwani hapo ndipo ninapokukasirikia zaidi. Mimi si daktari, lakini nilimwuguza mume wangu kwa miaka minne akiwa na moyo kama wako. Alikuwa akivaa suruali ndefu mpaka kitandani ili nisione miguu yake. Nilikuja kuiona siku ambayo kuiona hakukusaidia kitu. Unapozidisha dawa ya maji, unakausha mwili na kuishusha damu mpaka unaanguka bafuni. Unapoipunguza wiki nyinginezo, unajizamisha polepole kitini mwako. Utafanya hivyo kwa wiki tano? Nani aliyekwambia una wiki tano? Ulizihesabu katika kalenda ya ukutani. Moyo wako hauisomi kalenda hiyo.

Nakuelewa kuhusu Ugunja. Nami nisingependa kupelekwa kwenye uwanja uliofyekwa kabla sijafa, na huyo nduguyo Ouma anastahili kuambiwa aweke panga chini. Lakini umekosea adui. Oluoch hawezi kukutoa Mugutha kwa nguvu. Una akili timamu, una mke, una nyumba na una sahihi yako. Anachoweza kukutoa nacho ni ahadi uliyompa, na ahadi hiyo ulimpa ukijua hutaitimiza. Ulimwambia, "Nikizidiwa nitakwambia." Umezidiwa. Mwambie. Kisha mwambie pia kwamba huendi. Mtu anaweza kuyasema mambo hayo mawili kwa pumzi moja, hata pumzi fupi kama yako. Ukaidi wako sina neno nao, ndio uliokufikisha hapa ukiwa hai. Ila umeutumia kwa kujificha, na ukaidi unaojificha ni woga uliovaa suti.

Na Emmah humwonei huruma, unamwonea haya. Kama unamwonea huruma, mtolee majibu ya kweli, kwa kuwa majibu ndiyo kazi yake. Unadhani ataaibika kwa kudanganywa? Ataaibika zaidi akikukuta katika chumba cha maiti ukiwa na alama nzuri.

Fanya hivi. Leo, usingoje kesho, piga nambari ya simu iliyo kwenye kadi uliyopewa na hospitali, ueleze ulivyomeza vidonge vyako, na ufuate watakavyokuagiza. Usijirekebishie dawa mwenyewe kwa mara nyingine. Jumatano nenda na Wilkister, na kopo lenu, na karatasi yenye tarehe zote ulizozidisha na ulizopunguza, kwa mwandiko wako mzuri. Vua soksi ukiwa bado nje. Ongea na Emmah kabla koni hazijapangwa, maana zikishapangwa utatembea, nakujua. Wakikuondoa katika utafiti, umeondolewa kwa haki. Lakini usiwajibie. Waulize.

Jibu hili nakutumia mapema kwa mkono wa mwakilishi wetu wa Ruiru. Barua yako na jibu langu vitachapishwa Ijumaa ya wiki itakayofuata kliniki yako, ili Emmah ayasikie kwako kabla ya kuyasoma kwangu. Ukitaka nisivichapishe, nipigie simu, nami sitavichapisha. Lakini utanipigia wewe mwenyewe, na utaniambia sababu.

Bi. Ngendo

*

Bi. Ngendo,

Chapisha, na hii uiambatishe.

Sikubaliani na sentensi yako kuhusu suti, na siku moja tutaijadili. Mengine nimeyafanya. Jumatano nilikwenda na Wilkister. Emmah aliposimama nilimwomba aketi, nikampa karatasi ya tarehe, nikasimama mbele yake miguu mitupu huku akisoma. Alisoma kwa muda mrefu. Akauliza, "Tangu mwezi wa pili, Mwalimu?" Nikasema ndiyo. Nilitarajia alie au anigombeze, na nilikuwa na jibu kwa kila hali. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alifungua droo, akatoa fomu mpya, akaanza, "Swali la kwanza," na akaniuliza yote ishirini na moja upya. Nilijibu ndiyo mara kumi na saba.

Nilitembea mita mia moja tisini na nne, kisha nikaketi sakafuni kwa sababu kiti kilikuwa mbali. Muthoka, aliyekuwa akingoja zamu yake, alinisogezea mguu wake niuegemee. "Leo umetembea kama mgonjwa," akasema. "Karibu sana."

Daktari alinilaza siku mbili, akanirekebishia dawa. Hawakunifukuza. Alisema yaliyotokea yataandikwa yalivyo, na wakubwa wa utafiti wataamua matokeo yangu ya nyuma yatahesabiwaje. Kisha akanipa mambo mawili nichague. Naweza kutoka katika utafiti sasa, kifaa kiwashwe kama kilikuwa kimezimwa, nitibiwe kama mgonjwa mwingine yeyote. Au naweza kubaki mpaka mwisho bila kujua, huku nikipimwa kila wiki na kusema kweli. Alisema kwa uzima wangu njia zote mbili zinafaa, mradi nisifiche tena, na kwamba hakuna atakayenilaumu.

Oluoch alifika wodini akiwa na funguo za gari mkononi. Nilimwambia, "Nilikuahidi kwamba nikizidiwa nitakwambia. Nimezidiwa. Na siendi Ugunja." Alimtazama mama yake. Wilkister akamwambia, "Umemsikia baba yako. Kaa chini, unywe chai." Alikaa. Hajanyamaza tangu siku hiyo, lakini alikaa.

Oluoch amenishauri nitoke katika utafiti. Daktari amenipa hadi Jumatatu, na kwa mara ya kwanza mwaka huu sijui jibu kabla ya swali. Nikishaamua nitakuandikia, baada ya kumwambia Wilkister na kabla ya kumwambia Oluoch.

Mwalimu Mstaafu, Mugutha